Wasee wa Koding, Kuna Kazi Imelala na Hamuitaki

Kuandika programu kila msee anataka. Kuandika maelezo ya venye inatumika? Hapo mbogi yote inapotea.

2017 GitHub waliuliza watu wa programu huria, na 93% wakasema maelezo ya nusu nusu ama ya kitambo ni shida. Lakini 60% ya wanaochangia hawaandikangi maelezo, ama wanaandika mara moja moja.

Cheki Shoelace, laibrari ya vipande vya tovuti: batani, menyu, dirisha ibuka. Kila kipande kina mfano wa kukopi. Majedwali ya sifa zake yanatolewa ndani ya programu yenyewe, ndio yasiachwe nyuma ikibadilika.

Lakini kompyuta haijui ni wapi msee mpya hukwama. Wewe unajua. Ukikwama, andika mfano wenye ulikutoa, ujaribu, kisha uutume.

Tusidanganyane, hiyo mara nyingi haina doh. Lakini haiulizi digrii, na jina lako linabaki hapo wazi, kwa mwenye anatafuta msee wa kuandika. Uko rada?