Usidifragi Seva ya Barua Pepe Kabla ya Kuuliza Bakapu Iko Wapi

Nimepotea kidogo, mniwie radhi. Nilikuwa Salgaa, pale malori yanapolala kabla ya kuendelea na safari ya Eldoret na Malaba. Kampuni moja ya uchukuzi iliniita kwa sababu seva yao ya barua pepe ilikuwa inajikokota kama kobe. Ni mashine kuukuu yenye Microsoft Exchange.

Mwenye kampuni akaniambia, "Kijana, difragi hiyo diski usiku huu. Kesho nataka ikimbie."

Nikamuuliza, "Mzee, bakapu iko wapi?"

Kimya.

Nilikataa, na bado nasema nilifanya vizuri. Kwa wasiojua, kudifragi ni kukusanya vipande vya faili vilivyotawanyika kwenye diski ili visomwe kwa haraka. Kwenye kompyuta ya nyumbani hakuna taabu. Lakini Exchange huweka barua za watu wengi ndani ya hifadhidata moja kubwa, faili ya .edb, ambayo iko wazi saa zote na huandikwa kila barua inapoingia. Stima ikipotea katikati ya kazi, unacheza na barua za ofisi nzima.

Halafu watu huchanganya mambo mawili. Kupanga diski ni kitu kimoja, kupanga hifadhidata ni kingine. Hiyo ya pili Exchange hujifanyia yenyewe. Exchange 2003, kwa mfano, ilipangiwa kuifanya kuanzia saa 7 usiku hadi saa 11 alfajiri. Nafasi hupatikana ndani ya faili, ila faili yenyewe haipungui. Ukitaka ipungue, kuna eseutil /d, nayo huunda hifadhidata mpya kando.

Ukilazimika kabisa, fuata utaratibu huu:

1. Chukua bakapu kamili, kisha ijaribu kwa kuirejesha kwenye mashine nyingine.
2. Kagua afya ya diski.
3. Hakikisha UPS inafanya kazi.
4. Simamisha huduma za barua, au shusha hifadhidata.
5. Kwa eseutil /d, uwe na nafasi tupu ya asilimia 110 ya ukubwa wa hifadhidata itakayotokea.
6. Ukimaliza, chukua bakapu nyingine papo hapo. Logi za zamani hazitaikubali hifadhidata mpya.

Kama diski ni SSD, achana na difragi. Haina sindano ya kutembea huku na huko, kwa hiyo unaichakaza bure.

Sasa turudi Salgaa. Hatua ya 2 ndiyo iliyotuokoa. Ripoti ya SMART ilionyesha sekta mbovu zikiongezeka: diski ilikuwa inakufa. Kudifragi kungeisukuma kuhamisha data usiku kucha, na huenda asubuhi tungeamkia mazishi. Tulizima huduma, tukanakili kila kitu, tukabadilisha diski. Seva ikakimbia bila difragi yoyote.

Madereva wa huko wanajua hili kuliko sisi wa kompyuta. Anayeteremka kutoka Sachangwan gia ikiwa nyutro hudhani anaokoa mafuta, lakini breki zikimshinda hana la kujishikia. Kudifragi bila bakapu ni mteremko uleule.

Je, bakapu yako uliijaribu lini mara ya mwisho?