Betri Isiyo na Kosa



Juma hili naomba tutafakari jambo la gereji. Wako miongoni mwetu waliorithi Volkswagen Beetle kwa wazazi wao, nao wanalijua fumbo hili. Asubuhi gari huwaka mara moja, likaenda vizuri hadi sokoni. Wakati wa kurudi, injini ikiwa bado ya moto, ufunguo huzungushwa na kusikika "tak" moja tu, au kimya kabisa. Likipumzika na kupoa, huwaka kana kwamba halikuugua kamwe.

Hukumu hutolewa papo hapo: betri imekufa! Hununuliwa mpya, na tatizo hurudi. Kisha hushtakiwa stata, nayo hubadilishwa. Fedha ya karo imekwisha, na gari bado linasukumwa. Nasema wazi: kununua kipuri kabla ya kupima si ufundi, bali ni kubahatisha kwa jasho la mwingine.

Tulitazame gari lenyewe. Betri ya Beetle iko chini ya kiti cha nyuma, na waya mnene huipelekea stata umeme moja kwa moja. Lakini amri ya kuiamsha stata hupita katika waya mwembamba, ambao huenda mbele hadi kwenye swichi ya ufunguo, kisha hurudi nyuma hadi kwenye solenoidi. Baada ya miaka mingi, viungo vya njia hiyo hushika kutu na swichi huchakaa, na kila kiungo kibovu hupunguza volti. Joto nalo huongeza ukinzani wa koili ya solenoidi. Umeme uliotosha asubuhi hautoshi adhuhuri.

Tufanyeje basi? Gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe, na mita ya volti iletwe. Katika gari la volti 12, betri iliyojaa na kutulia huonyesha 12.6 hivi. Gari linapokataa, mmoja azungushe ufunguo, mwingine apime ncha ya waya mwembamba pale kwenye stata. Betri ikiwa na 12 na pale pakiwa na 8, kosa liko njiani: viungo visafishwe, swichi ikaguliwe, au ifungwe rilei karibu na stata. Volti zikifika kamili na stata ikanyamaza, hapo ndipo ihukumiwe.

Tusisahau upande wa hasi. Gia boksi imekalia mipira, hivyo mkanda wa shaba ndio unaoiunganisha na bodi. Stata ikizunguka, pima kati ya ncha hasi ya betri na chuma cha injini. Ikizidi nusu volti, ukague mkanda huo na vifungo vyake.

Wenye magari, msione haya kuomba kuonyeshwa kipimo. Nanyi mafundi, msichukie kuulizwa. Dakika kumi za kupima huokoa akiba ya miezi, na huokoa pia uaminifu kati yenu.