Risasi Isiyokuwa Risasi

Lugha yetu ina neno moja lenye vitu viwili ndani yake. Risasi ni yale madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu, ambayo wavuvi wetu huyafanya chubwi za kuzamishia mishipi. Risasi pia ni kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Neno tumelipokea kutoka kwa Waarabu, na kwao asili yake ni hayo madini, kwa kuwa karne nenda karne rudi bunduki imelishwa hayo. Sasa Uingereza yataka kuvitaliki vitu hivi viwili. Yataka risasi isiyokuwa risasi.

Mwezi wa Julai 2025 serikali ya huko ilitangaza kwamba marisau yenye madini ya risasi kupita asilimia 1 yatapigwa marufuku katika England, Scotland na Wales. Wapiga bunduki wamepewa muhula wa miaka mitatu wa kujitayarisha, na shabaha ni kwamba ifikapo 2029 marufuku hiyo iwe imeshika. Sababu ni ndege. Ndege humeza vijiwe ili firigisi isage chakula, naye hawezi kupambanua kijiwe na punje ya marisau iliyoanguka matopeni. Wataalamu wa huko wakadiria kwamba ndege wa majini kati ya 50,000 na 100,000 hufa kila mwaka kwa sumu hiyo.

Sisi watu wa Pwani hatuna haja ya kuhadithiwa ubaya wa madini haya. Katika kijiji cha Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, moshi na maji machafu ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu viliwasibu watu wazima na watoto, hata mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo baada ya kutenguliwa. Kwa hiyo sheria ya Waingereza, kwa asili yake, ni ya haki. Swali langu ni jingine: nani atakayeulipa uzito wake?

Yafaa kwanza tujue ni nani wapigao. Bunduki ya marisau haitoi kipande kimoja, bali hutawanya punje nyingi, na kwa hiyo ndiyo itumikayo kupiga kitu kirukacho. Zamani wanaspoti walifunguliwa njiwa hai, kama ilivyofanywa Paris mwaka 1900. Uingereza iliukataza mchezo huo mwaka 1921, ingawa dini yetu ilikwisha kukataza karne nyingi kabla kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Leo hurushwa visahani, na katika mchezo huo ndugu zetu wa Ghuba wamepata sifa: Ahmed bin Hasher Al Maktoum wa Falme za Kiarabu alitwaa dhahabu Athens mwaka 2004, na Fehaid Al-Deehani wa Kuwait akaitwaa Rio mwaka 2016.

Lakini si kila mpigaji ni mwana wa mfalme. Huko Uingereza mko mkulima, fundi wa magari na mzee wa pensheni ambao Jumapili huenda kupiga visahani kwa bunduki kuukuu ya mitutu miwili, iliyofuliwa Birmingham enzi za babu zao na kununuliwa mnadani kwa pauni mia moja au mbili. Birmingham hiyo ndiyo iliyotuletea na sisi bunduki nyingi katika karne ya 19, zikipitia Unguja kwenda bara. Tajiri hununua bunduki mpya ya London kwa makumi ya maelfu ya pauni, na sheria ikibadilika atanunua nyingine.

Bunduki ya mnyonge ilifuliwa kwa madini laini. Marisau ya chuma ni magumu, hayabonyei. Pale mdomo wa mtutu ulipobanwa sana ili punje zisitawanyike, chuma chaweza kuutunisha mtutu. Ile mitutu ya kusokotwa, iitwayo ya Damascus kwa jina la mji wa Sham, haifai kabisa kulishwa chuma. Dawa yake ni marisau ya bismuthi, ambayo ni laini, lakini bei yake huzidi ile ya risasi mara kadhaa.

Basi anunuaye bunduki kuukuu leo asidanganywe na mng'aro. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na aifungue, auchungulie mtutu kwenye mwanga: kivuli kikipinda, pana mbonyeo, akiona vidoa vyeusi, kutu imekwisha kula. Aining'inize mitutu na kuigonga kwa ukucha: mizima hulia kama kengele, iliyoachana hukoroma. Aifunge bunduki na kuitikisa; ikicheza, bawaba imechoka. Aitazame shingo ya kitako kama ina ufa. Juu ya yote, asome alama za majaribio zilizogongwa katika chuma. Nyumba ya majaribio ya Birmingham yafanya kazi hiyo tangu 1813, na ua la yungiyungi likigongwa hapo ni shahada kwamba bunduki yaweza kustahimili marisau ya chuma yenye nguvu kubwa.

Ama kutengeneza, kuna kutengeneza kwa aina mbili. Kuondoa kutu ya juu kwa mafuta na kukinywesha kitako mafuta ya kitani ni kazi ya saburi, nayo haina madhara. Lakini kuukwangua mtutu kwa ndani ili mashimo ya kutu yapotee ni kuupunguza unene wake, na fundi mwaminifu hatazamii ukuta wa mtutu ushuke chini ya nusu milimita. Bunduki kama hiyo yapendeza machoni, na yaweza kumng'oa mtu vidole. Ni heri itundikwe ukutani.

Wapo wasemao mnyonge anunue mpya ya bei nafuu kutoka Uturuki, ambako mafundi wa mji mdogo wa Huğlu walijiunga katika ushirika mwaka 1962 na leo huuza bunduki zao ng'ambo. Ni shauri jema. Lakini Februari 2025 ada ya kupata kibali cha bunduki ya marisau huko Uingereza ilipanda kutoka pauni 79.50 hadi 194. Ada juu, marisau ghali, bunduki ya babu haifai: mnyonge ameongezwa mizigo mitatu katika safari moja.

Mimi naiunga mkono sheria hiyo, kwa kuwa nayakumbuka ya Owino Uhuru. Bali naona serikali iliyomtaka mnyonge aache sumu ingempunguzia gharama ya kuipeleka bunduki yake kupimwa upya, ajue kama itafaa au haifai. Hapa kwetu uwindaji ulikatazwa mwaka 1977, na wenye vibali ni wachache, lakini somo latuhusu. Kila mara tusafishapo uchafu wa zamani, iwe ni betri, mafuta au moshi wa matatu, tuulize kwanza ni nani asiyekuwa na kitu cha kubadilisha. Sheria ya haki isipouliza hivyo, huwaachia tajiri mchezo wake na maskini ukuta wa kutundikia bunduki yake.