Msimtoze Mzee Posho Mliyompa Wenyewe

Serikali ya Kenya humpa mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia mpango wa Inua Jamii. Serikali hiyo hiyo, kupitia Mamlaka ya Afya ya Jamii ambayo sote tunaiita SHA, humdai mzee huyo huyo shilingi 300 kwa mwezi ili apate kulazwa hospitalini. Piga hesabu. Ni asilimia 15 ya kila alicho nacho. Mkubwa wa Nairobi anayelipwa milioni moja kwa mwezi hukatwa asilimia 2.75: shilingi 27,500 zinatoka, 972,500 zinabaki. Ayeyo, yaani bibi, wa Masalani huku Ijara, kaunti ya Garissa, angekatwa kwa kipimo hicho hicho, angelipa shilingi 55. Hakatwi hivyo. Kimewekwa kima cha chini cha 300, na kima hicho hakimgusi mkubwa hata kidogo. Kinamwangukia asiye na kitu peke yake.

Hiyo ni dhuluma, na sitaitafutia jina la upole.

Tena hizo 300 hazilipwi mwezi kwa mwezi. Mwajiriwa hukatwa kwenye mshahara bila hata kuhisi, lakini asiye na ajira anatakiwa atoe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo: shilingi 3,600, karibu posho yote ya miezi miwili. Na posho yenyewe kila mwenye mzazi anajua inavyokuja. Inachelewa, inarundikana, na ikifika inakuta deni la unga na sukari dukani linaisubiri. Mwaka 2025 serikali ikaleta Lipa SHA Pole Pole, mpango wa kumkopesha mtu mchango wake kisha arudishe kidogo kidogo. Yaani mzee hana pesa, basi tumtafutie deni. Masalani ni mji wa Waislamu. Mzee wa hapa atauliza kwanza habari ya riba, na ana haki ya kuuliza. Lakini hata pasingekuwa na senti moja ya riba, kuna busara gani kumkopesha mtu wa miaka 78 pesa za kuilipa serikali ambayo yenyewe ndiyo inayompa posho ya kula?

Wako watakaosema nchi ni maskini, na kwamba bima ya wazee ni ndoto ya waandishi. Hao nawarudisha Machi 2017. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Henry Rotich, alisoma bajeti mbele ya Bunge na kutangaza kwamba kuanzia Januari 2018 kila Mkenya mwenye miaka 70 na zaidi atapata posho ya kila mwezi, na pamoja nayo bima ya afya ya NHIF. Viwili hivyo vilitoka katika kinywa kimoja, katika hotuba moja. Posho ilikuja kweli, na familia nyingi za Ijara zinaishukuru hadi leo. Bima haikuwahi kuwa haki ya kila mwenye posho. Kwa hiyo mzee wa Masalani haombi hisani mpya. Anadai nusu ya ahadi iliyobaki njiani.

Na kabla ya ahadi hiyo kulikuwa na mpango mwingine. Kuanzia 2014 NHIF ilikuwa na mradi wa kuwalipia bima maskini, nao ukawa na tawi lake la wazee na watu wenye ulemavu mkubwa. Ulikuwa mdogo, uliwaacha wengi nje, lakini uliongozwa na wazo sahihi: serikali inamlipia aliyekwisha kutambuliwa kuwa hajiwezi. Halafu NHIF ikavunjwa, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza kazi. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 inasema wazi kwamba wasiojiweza watalipiwa na serikali. Hata hivyo, mwaka mzima ulipita kabla ya kutangazwa, Oktoba 2025, kwamba watu milioni 2.2 wasiojiweza wataanza kulipiwa. Mwaka mmoja kwa mtu wa miaka 40 ni subira. Kwa mtu wa miaka 80 mwenye kisukari na shinikizo la damu, mwaka mmoja unaweza kuwa ndio aliobakiwa nao.

Sipingi SHA. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu huku kwetu mtu akiikosoa bima mara moja anawekwa kwenye kambi ya siasa. Kwamba zahanati na kituo cha afya sasa vinatakiwa kumtibu bure kila aliyejisajili, kupitia Mfuko wa Afya ya Msingi, ni jambo jema. Kwamba watu milioni 2.2 watalipiwa ni jambo jema zaidi. Ninachopinga ni mlango. Matibabu ya bure yanaishia kwenye kituo cha afya. Mzee akihitaji kulazwa, kupasuliwa au kusafishwa figo, anaingia hospitali, na hospitalini kinachoulizwa ni kama mchango umelipwa. Magonjwa ya uzee ndiyo hayo hayo yanayovuka zahanati. Kikohozi cha mtoto huisha kwa dawa ya zahanati. Nyonga iliyovunjika ya bibi wa miaka 75 haiishi hapo.

Sasa tazama huyo mzee anavyotakiwa kuthibitisha kwamba ni maskini. Anapiga *147#, au anapigiwa na mjukuu, anajibu maswali kuhusu nyumba anayolala, choo, maji, taa, na mtambo unakadiria uwezo wake. Mtambo huo haujawahi kuona ukame wa 2020 hadi 2023, ulioua zaidi ya mifugo milioni mbili katika kaunti za wafugaji. Yuko mtu aliyekuwa na ng'ombe mia, leo analala chini ya bati alilojengewa na mwanawe, na umeme umefika kwa jirani. Akijibu kwa ukweli, majibu yake yanamwonyesha kama mwenye nyumba ya bati, mkazi wa mjini, mwenye nafuu. Majibu hayo hayasemi kwamba zizi ni tupu. Na ujumbe wenye namba ya siri unakwenda kwenye simu ya nani? Simu imesajiliwa kwa jina la kijana aliye malishoni upande wa Hulugho, pasipo mtandao.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki: mzee huyo amekwisha kuchunguzwa. Ili aingie Inua Jamii alifika kwa chifu, akatoa kitambulisho, akaandikwa, umri wake ukakaguliwa, jina lake likaingia kwenye daftari la taifa la hifadhi ya jamii. Serikali inamjua kwa jina na namba. Inajua anaishi wapi. Inathibitisha hata kwamba yu hai. Kisha idara nyingine ya serikali hiyo hiyo inamuuliza choo chake ni cha aina gani.

Na huyo ndiye mwenye bahati, kwa sababu ana kitambulisho. Mzee wa miaka 75 wa Kaskazini Mashariki amepitia vita vya Shifta utotoni, ameishi chini ya sheria za hali ya hatari ambazo hazikuondolewa hadi miaka ya tisini, na mwaka 1989 alipangwa foleni pamoja na Wasomali wote wa Kenya kuhakikiwa na kupewa kadi ya pekee ya kuthibitisha kwamba hii ni nchi yake. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kwamba ule uhakiki wa kuwachuja vijana wetu wanaotafuta vitambulisho umekwisha. Vizuri. Lakini mwenye miaka 75 hakuwa kijana mwaka 2025. Wapo waliohesabiwa kuwa wakimbizi kwa sababu siku ya njaa walipanga foleni ya chakula kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Wapo Waaweer wa msitu wa Boni ambao serikali iliwakumbuka zaidi kwa operesheni za usalama kuliko kwa kadi. Na wapo wengi walioandikiwa mwaka wa kuzaliwa kwa kukisiwa tu na karani, mtu wa miaka 74 akawa na miaka 66 kwenye kadi, na kwa kosa la kalamu ya mtu mwingine amekosa posho.

Katiba yenyewe haisemi 70. Kifungu cha 260 kinamtambua mzee akishapita miaka 60, na kifungu cha 57 kinampa haki ya matunzo na msaada wa kadiri kutoka kwa familia yake na kutoka kwa Dola. Kati ya 60 na 70 kuna miaka kumi ambayo Katiba inakuita mzee na bajeti inakuita kijana.

Familia, ndiyo, iko. Familia za Ijara hazijawahi kuwatupa wazee. Mzee akiugua, ukoo unachanga, mchango huo, tunaouita qaaran, unapita nyumba kwa nyumba na siku hizi kundi kwa kundi kwenye simu, hadi pesa za gari la kwenda Garissa zipatikane. Lakini qaaran ilitegemea mifugo, na mifugo imekufa. Zaidi ya hapo, sheria ya bima haikumhesabu mzazi kuwa mtegemezi wa mwanawe. Mwalimu wa Masalani anakatwa asilimia 2.75 kila mwezi, na bima yake inamfunika mke na watoto. Mama aliyemzaa, anayekula sahani moja naye, anahesabiwa kuwa kaya nyingine inayodaiwa 3,600 zake. Waliotunga utaratibu huu hawakukaa kwenye nyumba za kwetu.

Haya yanaweza kufanywa vingine, na si lazima twende mbali. Makueni, enzi za Gavana Kivutha Kibwana, kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti, na wenye miaka 65 na zaidi hawakutozwa. Makueni haina mafuta wala dhahabu. Ina jua kama letu na mvua za mashaka kama zetu. Ghana, tangu sheria yake ya bima ya 2003, imewasamehe mchango wenye miaka 70 na zaidi. Zanzibar ilianza pensheni jamii Aprili 2016 kwa kila mkazi wa miaka 70 na kuendelea, na haikumuuliza mtu paa lake limeezekwa kwa nini. Kiwango kilianza na shilingi za Tanzania 20,000, baadaye kikapandishwa hadi 50,000. Posho yetu ya 2,000 imesimama pale pale kwa zaidi ya miaka kumi huku bei ya unga ikipanda kila msimu. Tanzania Bara ilichagua njia nyingine: Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliahidi matibabu bure kwa wazee wasiojiweza, lakini ili uitwe hujiwezi lazima kwanza serikali ya kijiji au mtaa ikutambue. Ni kizingiti kile kile tunachokijua.

Jamaa zetu walioko Minneapolis wanaweza kutueleza habari za Marekani, nchi ambayo haina sifa ya huruma katika mambo ya matibabu. Wazee wake wana bima ya taifa, Medicare, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1965, nayo ina mchango wa kila mwezi. Kwa mzee maskini ipo mipango ya serikali inayomlipia mchango huo, na upo mwingine, Extra Help, unaompunguzia gharama za dawa. Katika mipango ya mchango, kwa kawaida mzee lazima aombe, ajaze fomu, alete ushahidi wa kipato. Matokeo yake, wengi wanaostahili hawamo. Lakini aliyekwisha kuingizwa katika mipango hiyo, au katika bima ya maskini ya Medicaid, anapewa Extra Help moja kwa moja bila kuomba tena. Somo ni hilo, na halina siri: kila fomu unayoongeza inamwacha mzee mmoja nje, na unaowaacha nje ni wale wale waliohitaji zaidi.

Kwa hiyo ninachotaka kinaweza kuandikwa kwenye karatasi moja. Kila jina lililo kwenye daftari la wazee wa Inua Jamii liingie SHA likiwa limelipiwa, usiku mmoja, bila kupiga namba yoyote, bila swali la choo wala taa. Kwa kila wazee milioni moja gharama yake, kwa kima cha chini, haizidi shilingi bilioni 3.6 kwa mwaka. Wale milioni 2.2 waliotangazwa, serikali imesema itawalipia. Basi wenye posho wawe wa kwanza kwenye orodha hiyo, na orodha ya kila lokesheni ibandikwe ukutani kwa chifu tuisome. Vidole vya mzee aliyechota maji na kukata kuni kwa miaka 60 vikikataliwa hospitalini na mashine ya kusoma alama za vidole, mhudumu amtambue kwa kitambulisho na amtibu.

Na kaunti isijifiche nyuma ya Nairobi. Sheria ya 2023 inaitaja serikali ya kaunti pia miongoni mwa wachangiaji. Garissa iwachukue wale wa miaka 60 hadi 69 ambao Inua Jamii haiwafikii: kwa kila wazee elfu kumi ni shilingi milioni 36 kwa mwaka. Bajeti ya kaunti hupitishwa kila Juni. Wawakilishi wadi wa Masalani, Ijara, Sangailu na Hulugho wanajua wazee hao kwa majina, wamekula kwenye nyumba zao wakati wa kampeni, na wana kura katika ukumbi ambamo fungu hilo la milioni 36 litaandikwa au litaachwa.