Dozi Iandikwe Baada ya Kuuliza Mlo

Mkulima wa pamba wa Kishapu aliyejidunga insulini alfajiri, akaenda kupalilia bila kula na kuanguka shambani, huambiwa kliniki kuwa ni mkaidi. Lawama hiyo si ya haki. Aliyemwandikia dozi hakumwuliza anakula saa ngapi, wala kwamba jembe nalo hushusha sukari, kama lifanyavyo sururu la mchimbaji mdogo.

Jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno kuvurugika: majirani huweza kudhani ni ulevi. Anayeweza kumeza apewe vijiko 3 vya chai vya sukari katika maji, apimwe baada ya dakika 15, kisha ale. Kipimo kisipokuwepo, apewe sukari vivyo hivyo. Aliyezimia asinyweshwe chochote, awahishwe kituoni.

Kinachotisha zaidi ni kinachofuata: mgonjwa aliyeonja hali hiyo huiogopa sindano, akaiacha kimyakimya, na sukari ikapanda hadi kuhatarisha uhai. Kumbe pengine ilitosha kupunguza dozi, au kuhama pale tumboni palipovimba kwa kuchomwa kila siku, ambapo dawa huingia mwilini bila mpangilio. Anayeishi naye aitwe kliniki, afundishwe pamoja naye.