Pimeni watoto, maharusi baadaye
Na Salum Mbwana

Mpunga ukianza kuiva delta ya Rufiji, watu huhamia shambani. Hulala juu ya dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa kwa nguzo, waamie ndege mchana na nguruwe usiku. Mbu hawaamiwi. Watoto wawili wa dungu moja huumwa na mbu walewale. Mmoja homa humshika siku mbili akarudi kufukuza ndege, mwenzake hupakiwa mtumbwini hajitambui.

Huenda tofauti imo kwenye damu. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alipima damu za watu huko akakuta kinasaba cha selimundu kimejaa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, hata zaidi ya mtu mmoja kati ya watano, ilhali nyanda za juu, kusiko na malaria, hakionekani sana. Mwaka 1954 akachapisha sababu: aliyerithi kinasaba hicho kwa mzazi mmoja tu, malaria humgusa lakini ni nadra kumlaza. Siku hizi inakadiriwa kinga hiyo dhidi ya malaria kali hufikia asilimia 90. Ndicho kilichowabakiza wengi wa babu zetu kwenye mabonde haya ya maji.

Deni lake wanalipa watoto. Wazazi wote wawili wakiwa nacho, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mwenye selimundu yenyewe. Na huyo, tofauti na wanavyodhani wengi, malaria humuua upesi. Tanzania huzaliwa watoto kama 11,000 wa namna hiyo kila mwaka.

Binamu yangu alikuwa mmoja wao. Akiwa na miezi minane vidole vyake vilivimba kama ndizi za kisukari, macho ya njano. Bibi akamfunga hirizi, majirani wakamsema mama yake. Baba hakuguswa, kana kwamba damu yake haikuwamo. Jina la ugonjwa tulilisikia Dar es Salaam, mtoto ana miaka saba.

Sasa kila jukwaa linahubiri maharusi wapimwe kabla ya ndoa. Sina ugomvi na kupima, ila nawajua wakwe wa kwetu: karatasi ikitoka, atakayeachwa ni binti. Tena aliye na kinasaba kimoja si mgonjwa. Penye watu wengi namna hiyo, utavunja posa ngapi?

Mimi ningeanza na mtoto mchanga. Tone la damu ya kisigino, jibu ndani ya nusu saa, bila umeme. Akijulikana mapema hupewa penisilini, dawa ya kumkinga na malaria, baadaye haidroksiurea. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ina kliniki ya selimundu tangu 2004. Salale na Mbuchi, huku deltani, ni mbali na Muhimbili.

Lakini mama wa delta huja kliniki. Husubiri maji yajae mtumbwi upite, akafika na mtoto wa wiki sita kwa ajili ya chanjo. Kisigino hicho hapo, nesi amekishika.