Usaili wa Injinia si Mtihani wa Uvumilivu

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Hapa Arua, Uganda, msemo huu hutolewa kila kijana anapolalamikia namna alivyotendewa kwenye usaili wa kazi. Wazee wanausema, maafisa utumishi wanausema, hata wenzetu waliokwisha kupata kazi wanausema. Maana yake ni kwamba mwajiri ndiye mwenye kazi: akuweke nje tangu asubuhi, akuulize apendalo, kisha anyamaze, na ukikasirika umejionyesha kuwa hufai. Injinia, wanaongeza, atakutana na matope, makandarasi wakorofi na wanasiasa. Asiyeweza kusubiri mlangoni ataweza wapi kukaa porini miezi mitatu?

Hoja hii inafanana na busara, ndiyo maana imedumu. Lakini si kweli, na hasara yake haiishii kwa yule kijana.

Mimi ni mhandisi wa maji, mzaliwa wa Koboko. Taasisi moja iliniita Arua kwa kazi ya kusimamia visima virefu na mabomba katika makazi ya wakimbizi na vijiji vya jirani. Barua ilisema saa mbili asubuhi. Jopo lilifika karibu saa sita. Nilipoingia, mwenyekiti alikuwa akiongea na simu na hakuikata. Mjumbe wa pili alikuwa akitafuta wasifu wangu kwenye rundo la bahasha, hakuupata, akaniomba nimweleze nimesomea nini. Swali la kwanza likawa, "Kijana, wewe ni mtoto wa nani pale Koboko?" Nikataja jina la baba. La pili likawa kama mimi ni Mkakwa au Mlugbara. Dada aliyenitangulia alitoka akitusimulia kwamba aliulizwa nani atamlelea mtoto akienda kulala site. Kuhusu maji niliulizwa jambo moja tu: boreholi ni nini? Mezani hapakuwa na mhandisi hata mmoja. "Tutakupigia," wakasema. Hawakupiga.

Je, jopo lile lilijua nini juu yangu nilipotoka? Lilijua baba yangu ni nani na kwamba naweza kukaa kwenye benchi. Hata kukaa kwenye benchi hakupimi uvumilivu, kunapima uwezo wa mfuko. Mwenye shangazi hapa mjini, Ediofe au Oli, anakula huko na kulala huko. Aliyetoka Kampala amesafiri usiku kucha karibu kilomita 500, amevuka Nile pale Karuma, akaivuka tena Pakwach, na usaili ukiahirishwa hadi kesho analipia gesti kwa pesa ya kuazima. Huyo anaweza kuwa ndiye aliyeijua kazi kuliko sote, akaondoka kabla ya kuitwa.

Upo ushahidi uliokusanywa kwa miaka mingi. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walichapisha uchambuzi wa tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizirudia hesabu za aina hiyo kwa makini zaidi. Kwa kipimo ambacho 0 ni kubahatisha na 1 ni kutabiri bila kukosea, usaili wenye maswali yaliyopangwa, ambao kila mtu anaulizwa yaleyale na kupewa alama kwa kigezo kilekile, ulipata 0.42. Usaili wa kuulizana lolote linalokuja kichwani ulipata 0.19. Na kufika 0.42 hakuhitaji fedha za wafadhili. Kunahitaji kuketi jioni moja kabla ya usaili na kuandika maswali.

Kwa kazi yangu swali lingekuwa karatasi moja. Kisima kikishachimbwa, maji huvutwa kwa pampu saa nyingi mfululizo, na fundi anaandika kila baada ya muda maji yameshuka mita ngapi. Mwanzoni yanashuka haraka, kisha polepole. Pampu ikizimwa, anaandika yanavyopanda tena. Mpe msailiwa karatasi hiyo na kalamu kwa dakika kumi. Anayeijua kazi atakuambia pampu ya sola ishushwe mita ngapi na ivute lita ngapi kwa saa. Asiyeijua atatazama vipimo vya mwanzoni tu, kabla maji hayajashuka sana, atafunga pampu kubwa, na kiangazi cha Januari na Februari kikifika pampu itavuta hewa. Hapo ndipo watu wanapoulipia ule usaili. Watu wa Yumbe wanajua maana ya kukosa maji: wanakumbuka mwaka 2016, makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi yalipofunguliwa mwezi wa Agosti na maji yakaletwa kwa malori. Kipimo cha UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ni lita 20 kwa mtu kwa siku, na ndoo ya kujazia lita hizo haijazwi na ukoo wa injinia.

Lakini kinachonisumbua zaidi katika hoja ya kuinama ni aina ya mtu inayemtafuta. Mkandarasi amechimba mita 40 na anataka asainiwe mita 70. Zege limemwagwa kabla nondo hazijakaguliwa, na bosi anasema funika macho, wageni wa uzinduzi wako njiani. Mtu pekee anayesimama kati ya karatasi ya uongo na watu watakaoutumia mradi ni injinia atakayesema, "Hapana mzee, hii sisaini." Ukiwachuja watu kwa kigezo cha nani alitukanwa akatabasamu, unabaki na waliojifunza kutabasamu. Hao watasaini. Uvumilivu wa porini, wa jua na matope na lugha usiyoijua, tunao na tunautoa kwa moyo. Kunyamazia dharau ni jambo jingine kabisa, na anayeyachanganya hayo mawili anajitafutia wafanyakazi wa hatari.

Suala la kabila na la mtoto halihitaji hata mjadala mrefu. Ibara ya 21 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, kabila, kuzaliwa, dini na mengineyo. Swali ambalo jibu lake haliruhusiwi kuamua nani aajiriwe halina sababu ya kuulizwa, hasa Koboko, wilaya inayopakana na Kongo na Sudan Kusini, ambako familia nyingi zina ndugu upande wa pili wa mpaka.

Nakubali kwamba majopo nayo yana shida zao. Tangazo moja huleta mamia ya bahasha, na wilaya changa inaweza isiwe na mhandisi wa kutosha kukaa mezani. Lakini Koboko inaweza kumwomba mhandisi wa Maracha, Yumbe au Arua aje kwa siku moja. Kutoka Arua njia ni lami tupu tangu barabara ya Vurra hadi Oraba, kilomita 92, ilipojengwa. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ipo, na jina la aliyesajiliwa linahakikiwa huko. Mhitimu mpya ambaye hajasajiliwa anahitaji miaka ya kazi chini ya usimamizi ndipo afikie hapo, kwa hiyo kila usaili wa ovyo unaomwacha nje unaisogeza mbele siku ambayo eneo letu la West Nile litapata injinia wake kamili.

Ndugu unayekaa kwenye majopo haya, wilayani au kwenye mashirika, nakuomba mambo yaliyo ndani ya uwezo wako. Fika saa uliyoandika kwenye barua. Zima simu. Soma wasifu wa mtu kabla hajaingia, na awepo mezani mtu mmoja anayeijua kazi yenyewe. Na wale uliowaambia utawapigia, wapigie wiki hii, hata kama jibu ni hapana.